Kibuyu cha Bibi

Kule Kagerankanda, mkoani Kigoma, ukungu wa asubuhi bado umelala juu ya migomba. Enzi za uhai wake, saa kama hizi bibi yangu alikuwa ameshaamka zamani.

Tulipomzika, wajukuu tuligawana vitu vyake: kanga, jembe, kigoda. Kibuyu kilichoning'inia juu ya meko hakuna aliyekitaka. Nilikifungua mimi. Ndani mlikuwa na maharage ya mbegu yaliyochanganywa na majivu ili wadudu wasiyaguse. Alikuwa ameshachagua mbegu za msimu ambao hakuuona. Nililia pale jikoni kuliko nilivyolia makaburini.

Babu alikwenda manamba, yaani kibarua, kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kama vijana wengi wa Kiha wa zama zile. Bibi akabaki na watoto na shamba. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Alihama na watoto, na mbegu zake akazifunga kwenye kanga. Vitabu vinaitaja operesheni. Kanga ile haimo.

Na salamu zake! Makofi ya taratibu, kisha akuulize habari za nyumba nzima, mtu mmoja mmoja. Hakuna aliyewahi kunisikiliza vile.

Maharage yale ya kibuyuni niliyapanda, yameota.

Msikilizaji, kama bibi yako yu hai, mpigie leo kabla ya kazi. Muulize mama yake aliitwa nani, kisha uliandike jina hilo.