Je, Ni Haki Kumwokoa Asiyetaka?

Ndugu msomaji, swali hili limenikwamisha katika sura ya tatu ya riwaya yangu. Naomba tulitazame pamoja.

Kwetu ni bonde la Rufiji. Wageni wakilisikia jina hilo huwaza mamba na viboko tu. Kweli wapo, na mpunga wetu wanaujua sana viboko. Ndiyo maana wazee walijenga madungu, vibanda juu ya nguzo katikati ya shamba: maji yapite chini, mlinzi alale juu. Lakini maji hayohayo ndiyo yanayotulisha. Yakipanda, huingiza samaki katika maziwa kama Utunge na Ruwe. Yakishuka, huacha tope lenye rutuba, na hapo tunapanda mahindi ya mlau, yasiyongoja mvua.

Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa. Serikali ikawahamisha watu wa bondeni, ikawapandisha juu kwenye vijiji vya ujamaa, wawe salama, karibu na shule na zahanati. Nia ilikuwa njema. Lakini udongo wa juu ni kichanga, hutegemea mvua. Basi watu wakawa wanarudi bondeni kulima, msimu baada ya msimu. Bibi yangu, wakati huo mke mpya, alikuwa mmoja wao. Mpaka leo husema, "Tulipandishwa kama magunia."

Aprili 2024 mto ukafurika tena, ukaleta kilio Rufiji na Kibiti. Mie nikatoka mjini, nikakodi mtumbwi, nikamfuata bibi kwenye dungu lake. Kagoma! "Subiri, mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyonitania mjukuu wake. Sikusubiri. Nilimbeba kwa nguvu, huku analia na kunipiga mgongoni. Siku ya tatu dungu likachukuliwa na maji.

Sasa wewe utasema: si yamekwisha? Kijana alikuwa sahihi. Nami nilidhani hivyo, nikangoja shukrani. Kumbe bibi hakukataa kuondoka. Alitaka afungue mbegu zake za mlau, alizozitundika juu ya meko. Maji yaliposhuka, wenzake wakapanda. Yeye akazunguka na kibakuli kuomba mbegu, mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akiombwa yeye.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi niliyaona maji, sikumwona bibi. Hivi kumuuliza "unasubiri nini?" kungenichukua dakika ngapi?

Sisemi tuwaache wazee wafe. Pengine nguvu hulazimu, kama mtoto anapokimbilia barabarani. Ila mtu mzima ana sababu zake, na anayemwokoa bila kumuuliza humwachia uhai, akamnyang'anya heshima. Hilo ni deni. Na si langu peke yangu. Tangu Desemba 2022 maji ya Rufiji yanazuiwa katika Bwawa la Julius Nyerere. Wanaoamua mafuriko yazuiwe au yaachiwe, je, wanamuuliza anayengoja tope?

Mbegu nimemnunulia, kazipokea. Lakini siku hizi ananiita kwa jina langu la shule. "Mume wangu" sijaisikia tena. Ndugu msomaji, ungekuwa wewe, ungefanyaje?