Je, Mtoto Huyu Ameulizwa?

Katika kijiji kimoja cha Kisarawe, mbali na barabara kuu, baba mmoja alitueleza habari za mwanawe wa miaka 17, mwenye ulemavu wa akili, aliyekuwa karibu kumaliza masomo katika kitengo cha elimu maalumu. "Padre," alisema, "huyu tumekwisha kumpangia. Atasuka makuti pamoja na babu yake." Tukamwuliza kama mwenyewe apenda. Akacheka kwa upole, akajibu, "Huyu atajua nini?"

Baba huyo si mtu mbaya. Ndiye aliyempeleka mtoto shuleni wakati wengine walipomshauri amweke ndani. Usiku huwaza: sisi tukifa, nani atamtunza? Aliye mzazi ajua uzito wa fikira hiyo. Hata hivyo neno lake lastahili kupimwa. Je, mtu asiyeweza kusoma wala kuhesabu ana haki ya kuulizwa apenda kazi gani?

Twasema anayo. Tukumbuke Bartimayo, kipofu wa Yeriko, katika Injili ya Marko. Haja yake ilionekana na kila mtu, tena umati ulimkemea anyamaze. Lakini Bwana wetu alimwita, akamwuliza kwanza ataka afanyiwe nini. Hakuuliza kwa kutojua. Aliuliza kwa sababu mbele yake alisimama mtu mwenye utashi wake, wala hakutaka kumtendea mema kana kwamba ni mzigo wa kuhamishwa tu.

Kanisa limelishika fundisho hilo. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zake, na kwamba yafaa apate kazi kadiri ya uwezo wake. Nchi yetu nayo ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, inayogusa pia haki yao ya kuajiriwa. Ni jambo jema. Lakini sheria hufungua milango tu. Haiwezi kujua kijana huyu angependa kuingia mlango upi.

Mzazi atasema, "Mwanangu hasemi; nitamwulizaje?" Asiyesema kwa kinywa husema kwa macho, kwa mikono na kwa miguu. Mzazi na mwalimu wamwonyeshe kazi zenyewe, si majina yake: banda la kuku, bustani ya mchicha, cherehani, fundi baiskeli, jiko la maandazi. Ajaribu kila moja kwa siku kadhaa. Wamtazame: ni wapi akaapo bila kuitwa, wapi huondoka mapema, wapi hurudi mwenyewe kesho yake. Wayaandike hayo, na baada ya miezi michache wamjaribu tena, kwa maana aliyeonyeshwa jambo moja tu hawezi kuchagua. Kazi hii ianze miaka kadhaa kabla ya kuaga shule, wala isingoje wiki ya mwisho.

Hatusemi kwamba kila alipendalo kijana litimizwe. Akitaka kuendesha basi, naye hawezi kuzielewa alama za barabarani, yatupasa kumwambia kweli. Ila tusiishie hapo. Pengine alipendalo ni kuwa karibu na magari, na kuyaosha kwaweza kumpatia riziki pamoja na furaha. Ndugu zake wazima nao hawapati yote watakayo, lakini wao huulizwa.

Yule baba alikubali kumpeleka mwanawe kwa jirani afugaye kuku, kwa siku tatu tu. Siku ya tatu kijana aliamka kabla ya baba yake, akaenda peke yake. Huenda kazi hiyo itamshinda, huenda atapenda nyingine baadaye. Lakini baba aliyeuliza kama mwanawe atajua nini, sasa amepata mwanzo wa jibu.

Enyi wazazi, walimu na viongozi wa jumuiya ndogondogo, yafaa tumtunze mtoto huyu, tena tumwombee. Lakini kabla ya kumpangia maisha, na tumwulize. Na tukiisha kumwuliza, tuwe na saburi ya kungoja jibu lake.