Kimya cha Mnyonge

Kwenye mabaraza yetu kuna hukumu inayotolewa upesi mno: aliyenyamaza amekubali. Gurvinder Singh, mwongozaji wa filamu za Kipunjabi, ameipinga bila kuhutubia mtu.

Alizaliwa Delhi, India, mwaka 1973, akasomea filamu Pune, kisha akazunguka Punjab miaka kadhaa akirekodi waimbaji wa tenzi za jadi. Aliyeanza kwa waimbaji akaishia kutengeneza filamu ambazo watu wake hawasemi sana.

Anhe Ghore Da Daan (2011) inatokana na riwaya ya Gurdial Singh. Nyumba ya familia ya Dalit, watu wa tabaka la chini kabisa, inabomolewa kwa sababu ardhi imeuzwa, na kamera inatulia kwenye nyuso za wanakijiji, wengi wao si waigizaji. Mtazamaji aliyezoea vichekesho na ngoma za bhangra atapiga miayo, na simlaumu. Lakini je, watu wale wameridhia? Ajuaye kwamba neno lake litamponza na halitabadili kitu, kunyamaza kwake hakutuelezi anachotaka. Kunatueleza nani ana nguvu. Ridhaa haipo pale ambapo mtu hawezi kukataa.

Chauthi Koot (2015) inalisukuma jambo hili mbali zaidi. Ni Punjab ya miaka ya 1980: wanajeshi upande huu, wapiganaji wa Kisikh upande ule, mkulima katikati. Wapiganaji wanamwamuru mkulima huyo, Joginder, amuue Tommy, mbwa wake, kwa kuwa akibweka usiku anawafichua. Watu wa nyumba ile wameshafyata ndimi. Amebaki mbwa tu, asiyejua nani wa kuogopwa. Hapo ndipo penye uzito. Mwenye bunduki hana haja ya kuaminiwa wala kupendwa. Akishahakikisha husikiki, yametosha, na moyoni mwako waza upendavyo.

Mtu anaweza kulaumu kwamba filamu hii, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, iligeuza dhiki ya mkulima kuwa burudani ya wageni. Lawama hiyo si ya kupuuzwa, maana kimya kikipigwa picha vizuri kinaweza kupendeza kupita kiasi. Hata hivyo, kisa chenyewe kimetoka kwa Waryam Singh Sandhu, aliyeandika kwa Kipunjabi, na waigizaji wanasema Kipunjabi hicho hicho. Kwangu mimi, filamu imesimama upande wa Joginder. Anayedai kwamba wakulima wale waliwakubali wapiganaji, au jeshi, atuonyeshe kwanza ni wapi waliulizwa.