Kutalii na Kuzuru

Kiswahili kimempa msafiri vitenzi viwili ambavyo siku hizi huchanganywa. Anayekwenda kutazama majengo ya kale na mandhari za nchi husemwa kuwa anatalii. Anayekwenda kwenye kaburi la mzazi au la mja mwema husemwa kuwa anazuru. Vyote viwili vimetokana na Kiarabu, na hicho cha kwanza hakikuzaliwa katika starehe. Kutalii kulikuwa ni kusoma kwa makini, kupekua na kuchunguza. Maana hiyo imefifia, na mtalii amekuwa mtu apitaye, apigaye picha na aondokaye. Ndipo linapozuka swali: mwenye macho anawiwa nini na kile anachokitazama?

Swali hili lina uzito wa pekee Tongoni, kiasi cha kilomita 20 kusini ya mji wa Tanga. Jina lenyewe lina maana ya mahali pa magofu. Karibu na bahari yamesimama mabaki ya msikiti pamoja na makaburi yapatayo 40, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Baadhi ya makaburi yalijengewa nguzo ndefu, na nyingi kati ya hizo zimekwisha kuanguka. Mafundi walipamba makaburi kwa kupachika mabakuli ya kauri yaliyoletwa na majahazi kutoka ng'ambo, hata China. Leo mgeni huonyeshwa mashimo ya mviringo, kwa kuwa mabakuli yamekwisha kubanduliwa. Hata kigae chenye maandishi ya Kiajemi, ambacho Richard Burton alikieleza baada ya kupita hapo mwaka 1857, hakipo tena kaburini pake.

Zipo hoja za kumtetea aliyechukua. Ya kwanza ni kwamba maiti hana haja ya bakuli. Ya pili ina nguvu zaidi: kitu kilichoachwa porini huvunjwa na mizizi na mvua, ilhali kilichohifadhiwa katika nyumba ya makumbusho huonwa na maelfu. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwani ni kweli kwamba vitu vingi vya kale vimesalimika kwa kuhamishwa. Lakini lililopachikwa katika kaburi lilikuwa neno ndani ya sentensi. Likisha kung'olewa, linabaki bakuli zuri lisilomtaja mtu, na kaburi nalo linabaki sentensi iliyokatika. Tena, kuokoa hufanywa mchana, kwa idhini na kwa kumbukumbu iliyoandikwa. Anayebandua kwa siri hana haki ya kujiita mwokozi.

Inafaa pia kukumbuka jinsi mabakuli hayo yalivyofika. Yalitoka katika matanuu ya bara kubwa lenye watu wengi, yakavuka bahari kwa pepo za msimu, yakapita mikono mingi, na biashara ikayafikisha pwani kwa bei iliyokubaliwa. Wenyeji wa Tongoni hawakuhitaji kwenda China ili waonje uzuri wake, waliununua. Basi kilichokuja kwa mapatano kiliondoka bila mapatano, na hapo ndipo ilipo aibu.

Kutazama kwenyewe si kosa. Waliojenga nguzo ndefu na kuzitia vitu ving'aavyo walitaka ziangaliwe; hakuna ajengaye mnara ili ufichike. Kwa namna fulani marehemu wa Tongoni walimwalika mpita njia aliyekuwa bado hajazaliwa. Mwaliko una adabu zake: mgeni hula alichoandaliwa, hafungashi vyombo. Kiingilio anacholipa humnunulia njia ya kuingia na husaidia kutunza mahali. Hakimnunulii mahali penyewe.

Upande wa kaskazini ya Tanga, katika mapango ya Amboni, adabu hiyo huonekana kwa namna nyingine. Wamo waingiao na tochi kuangalia umbo la mawe na popo, na wamo waingiao na sadaka kwa ajili ya mzimu. Wote wawili hupita katika giza moja. Mwenye tochi halazimiki kuamini anachoamini mwenzake, lakini analazimika kujua kwamba anakanyaga mahali pa haja ya mtu. Akicheka, atakuwa ameona mawe tu, kwani kilichokuwa mbele yake kilikuwa ni mawe pamoja na mtu anayeomba.

Kwa hiyo vitenzi vile viwili havikustahili kutenganishwa. Kutalii bila kuzuru ni udadisi usio na haya, na kuzuru bila kutalii huweza kuwa heshima isiyojua inamheshimu nani. Afikaye Tongoni apaswa kufanya yote mawili: asome nguzo, ajue zilijengwa na watu waliokuwa na majina, biashara na watoto, kisha anyamaze kidogo kama anyamazavyo mtu makaburini kwao. Mashimo yaliyo wazi hayawezi kurudishiwa mabakuli kwa majuto. Yanaweza, hata hivyo, kumfunza mgeni kuondoka mikono mitupu, ili ajaye baada yake akute kilichobaki.