Mji Usomwao kwa Miguu

Neno utalii, ambalo siku hizi halitajwi ila pamoja na hoteli, ndege na fedha za kigeni, lina asili yenye heshima kuliko matumizi yake ya sasa yanavyodokeza. Limetokana na kitenzi talii, ambacho kamusi za zamani hukifasiri kuwa ni kusoma kwa makini na kuchunguza jambo mpaka lieleweke, na ni ndugu wa neno mtalaa, yaani masomo au kudurusu kitabu; yote mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwa mujibu wa neno lenyewe, basi, mtalii ni msomaji aliyetoka nje ya nyumba. Anayepanga likizo ya kwenda Mombasa angefanya vyema kuanza na maana hiyo kabla ya kuulizia bei ya chumba, kwa sababu kisiwa hicho kimeandikwa juu ya maandishi mengine mara nyingi, na asiyejua kukisoma hurudi kwao na picha za ngome na ngozi iliyoiva kwa jua.

Miongoni mwa wasafiri wa kale walioacha maelezo ya Mombasa ni Ibn Battuta wa Tangier, aliyefika mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, akalala usiku mmoja tu. Usiku huo ulimtosha kuona kwamba wenyeji walikuwa wacha Mungu, kwamba nafaka yao ililetwa kutoka nje ya kisiwa, kwamba misikiti ilijengwa kwa mbao na kwa ustadi mkubwa, na kwamba mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, ambapo watu waliokwenda peku walichota maji na kuosha miguu kabla ya kuingia. Katika maelezo hayo mafupi hakuna sifa za ufuo. Bahari, ambayo leo ndiyo sababu ya kwanza ya safari kwa walio wengi, kwake ilikuwa njia ya kupitia, na kilichomshughulisha kilikuwa miguu ya watu na mahali inapooshwa. Usiku mmoja uliotumiwa hivyo una faida kuliko wiki mbili za kulala kitandani kando ya bwawa la kuogelea, ingawa ni kweli pia kwamba aliyechoka ana haki ya kulala.

Isitoshe, Mombasa inayouzwa katika matangazo ya likizo kwa sehemu kubwa haimo kisiwani. Hoteli nyingi za ufuoni ziko Nyali, Bamburi na Shanzu, ng'ambo ya kaskazini, au ziko Diani, ambako huendewa kwa kuvuka kivuko cha Likoni na ambako kwa mipaka ya utawala ni Kaunti ya Kwale. Hata reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Nairobi mwaka 2017, huwashusha Miritini, upande wa bara, tofauti na reli ya zamani, iliyoanza kujengwa hapohapo Mombasa mwaka 1896 na ambayo stesheni yake ilikuwa ndani ya kisiwa. Mpango wa kawaida wa likizo hukipa kisiwa saa tatu au nne: basi huja asubuhi, wageni hushuka ngomeni, huzungushwa vichochoro viwili vya Mji wa Kale, hupigwa picha chini ya pembe za ndovu za Barabara ya Moi, kisha hurudishwa hotelini kabla chakula cha mchana hakijapoa. Muda huo unatosha kutazama jalada la kitabu.

Jalada lenyewe, kwa kawaida, limeandikwa kwamba huu ni mji wa kihistoria wa kikoloni, na maneno hayo yanahitaji kusahihishwa. Kisheria, Mombasa haikuwa sehemu ya koloni. Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuusimamia ukanda wa pwani wa maili 10, yaani kama kilomita 16 kutoka baharini, kwa malipo ya kila mwaka. Na bara lilipotangazwa kuwa koloni mwaka 1920, ukanda huo ulibaki kuwa himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi wa dola nyingine bila ya kumilikiwa nayo. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya ngome mpaka mwaka wa uhuru, 1963. Mchukuzi aliyebeba magunia bandarini Kilindini hakuonja tofauti yoyote kati ya koloni na himaya, na hilo lisisahauliwe. Lakini tofauti hiyo inaonyesha jinsi mji huu ulivyozoea kutawaliwa kwa jina la mtu mmoja na kwa mkono wa mwingine.

Ngome yenyewe, iitwayo Fort Jesus, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya kale, kwa amri ya Mfalme Philip, aliyezitawala Hispania na Ureno kwa pamoja, na kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na maelezo ya siku hiyo yalisisitiza usanifu wake, unaofananishwa na umbo la mwili wa binadamu. Msomaji wa mji, hata hivyo, atauliza ni nani aliyekuwa ndani ya mwili huo. Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani aliyeuawa, alichukuliwa na kulelewa na watawa wa Kireno huko Goa, akabatizwa jina la Jerónimo, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme mtiifu, na mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu, na mwaka uliofuata akaihama ngome na kuondoka. Kisha kuna mazingira ya Waomani, yaani kule kuizunguka ngome kwa jeshi ili walio ndani wafe njaa, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ulifika wakati ambapo Wareno walikuwa wamekwisha kufa kwa maradhi, na aliyeilinda ngome ya Ureno dhidi ya Waomani alikuwa Mswahili, Bwana Daud wa Faza, pamoja na watu wake wachache. Anayetaka kuigawa historia ya Mombasa katika mafungu mawili, wageni waovu upande huu na wenyeji wema upande ule, atapata taabu sana akifika kwa Bwana Daud.

Kisa cha ngome kimehifadhiwa pia ndani ya neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili hulitamka bila ya kulifikiria. Gereza, kwa maelezo ya wanaisimu, limetoka katika neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Na kwa kuwa kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya boma, watu wa pwani waliliita boma lote kwa jina la kanisa, na boma lilipotumiwa kufungia watu, jina likahamia kwa kifungo. Mombasa ilizitimiza maana zote tatu katika jengo moja, kwa kuwa Waingereza waliifanya ngome kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, kabla haijafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mgeni anayelipa kiingilio leo anapita mahali ambapo, katika uhai wa baadhi ya wazee walio hai, watu waliingizwa bila ya kulipa na bila ya kupenda.

Kutoka ngomeni kuelekea kaskazini ndipo unapoanza Mji wa Kale, na barabara yake mashuhuri, Ndia Kuu, imehifadhi lahaja ya Kimvita katika jina lake, kwani Mmvita husema ndia pale ambapo Kiswahili sanifu husema njia. Nyumba nyingi zinazoonekana leo, zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20; iliyo ya kale zaidi ni baadhi ya misikiti, kama ule wa Mandhry, unaokisiwa kuwa wa kiasi cha mwaka 1570. Mkono wa fundi wa Kihindi umo katika roshani, wa Mwarabu umo katika mlango, na ukuta ni wa pwani yenyewe: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zilizobebwa na boriti, yaani miti ya mikoko. Kwa kuwa boriti hazina urefu wa kutosha kubeba dari pana, vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Wembamba wa vichochoro nao una hesabu yake, kwa sababu kuta zinazokaribiana hutiliana kivuli na kuupa upepo njia ya kupita, jambo ambalo wajenzi wa maghorofa ya vioo huko Nyali wanalitafuta kwa gharama ya umeme.

Hapa ndipo swali la maadili linapojitokeza. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na mwenye nyumba hapaswi kubomoa wala kubadili sura ya jengo kama apendavyo. Chokaa na boriti ni ghali kuliko saruji na nondo, lakini saruji ikipakwa juu ya matumbawe huzuia ukuta usipumue, chumvi na unyevu hubaki ndani, na baada ya miaka plasta hubambuka pamoja na jiwe. Mwenye nyumba, ambaye huenda ni mjane aliyerithi pamoja na ndugu wengi, hutakiwa aitunze sura ambayo wageni wanaipenda, ilhali fedha za wageni hao zimelipwa hotelini ng'ambo ya daraja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, wakimaanisha kwamba ujio wa mgeni humletea mwenye nyumba neema. Na mpango wa likizo unaweza kupimwa kwa kipimo hicho bila ya kuhitaji mtaalamu wa uchumi. Asubuhi ya mahamri na mbaazi kwa mama wa mtaani, tuktuk badala ya basi la hoteli, usiku mmoja au miwili ya kulala kisiwani, leso iliyonunuliwa Barabara ya Biashara: hivyo ndivyo mwenyeji anavyopona. Leso, kwa njia, nayo ni neno la Kireno, nayo husomwa, kwani kila moja ina jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu yake, na aliyenunua bila ya kuuliza maana ya jina hilo huenda akampelekea mama mkwe matusi.

Kuhusu wakati wa kwenda, vitabu vya wageni hutaja jua na mvua, na hilo ni sawa: kaskazi, upepo wa kiasi cha Desemba hadi Machi, huleta joto na anga safi, na masika humwagika zaidi Aprili na Mei. Visichokitaja ni kwamba mji una saa zake. Adhuhuri maduka mengi hufungwa na vichochoro hukauka watu. Mchana wa Ijumaa ni wa sala. Na Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11, huufanya mchana kuwa usiku na usiku kuwa mchana. Mtu akikaa barazani mwa nyumba yake hajajiweka maonyeshoni, na kamera isiyotanguliwa na salamu ni sawa na kuingia bila ya hodi.

Pembe za ndovu za Barabara ya Moi, ambazo ndizo picha inayosafiri zaidi kuliko zote, zilisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1952 kwa ajili ya kumlaki Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, ambaye meli ilikuwa ikimngoja Mombasa aendelee na safari yake. Tarehe 6 Februari baba yake alifariki, naye akarudi London kwa ndege kupitia Entebbe. Alama kuu ya mji huu, basi, ilijengwa kwa ajili ya mgeni ambaye hakufika, na tangu hapo wamefika wengine wasiohesabika wakasimama chini yake dakika tano.

Ni baada ya alasiri, jua linapoziacha kuta za Ndia Kuu na watu kuanza kutoka, ndipo mji unapofunguka. Watoto hushika mpira, wazee huketi kwa zamu zao za kila siku, makaa ya mishkaki na mihogo huwashwa, na muuza kahawa hupita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe, mlio unaosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana kwenye kona. Basi la hoteli huwa limekwisha kuvuka daraja la Nyali tangu mchana.