Ovaroli Juu ya Mti

Mkanda mmoja wa Super 8 huisha upesi: mita 15 za filamu, dakika 3 na sekunde 20 hivi. Kodak walianza kuuza mikanda hiyo mwaka 1965, na akina baba wengi wa Marekani wakaitumia kurekodi sherehe za kuzaliwa, Krismasi na watoto wakiogelea. Marehemu mume wa mama mwenye nyumba niliyepanga kwake, Minnesota, alirekodi Halloween. Kila Oktoba alijaza uwanja wa mbele ya nyumba vitisho alivyotengeneza kwa mikono yake, kisha akachukua kamera. Aliacha mikanda 11 ndani ya boksi la viatu. Mama aliniomba nimsaidie kuihamishia kwenye kompyuta, wajukuu wapate kuiona.

Tulifunga mapazia, tukawasha projekta. Mengi niliyoyaona yalinichekesha. Mzimu ni shuka la kitanda, na ukitazama vizuri unayaona maua yake. Jiwe la kaburi ni ubao uliopakwa rangi ya kijivu, herufi ya mwisho imekosa nafasi ikabanwa pembeni. Mikono ya mchawi ni glavu za kazi zilizojazwa magazeti.

Na karibu kila kitu kimerekodiwa mchana. Filamu zile zilihitaji mwanga mwingi. Usiku zilitoa giza tupu. Kwa hiyo vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya usiku vimetufikia katika sura yao ya mchana, kamba na misumari ikionekana. Watoto wenyewe wanamsaidia baba yao kushindilia majani makavu ndani ya suruali. Nilimuuliza mama kama watoto hao hao waliogopa giza lilipoingia.

"Walipiga mayowe," akasema. "Kila mwaka."

Usiku ule nililifikiria sana jibu hilo. Tumezoea kudhani kwamba anayeogopa hajui, na kwamba ukimwonyesha ukweli hofu itamtoka. Watoto wale walijua kila kitu, na bado waliogopa, na walifurahia kuogopa. Bibi yangu kule Tanga alitusimulia habari za zimwi akiwa ameipunguza taa, nasi tumejibana kwenye kanga yake. Je, ni haki kumtisha mtoto unayempenda? Nilijijibu kwamba ni haki, kwa masharti mawili: anayetishwa awe na pa kukimbilia, na anayetisha awe tayari kuvua kinyago mara tu mchezo unapoacha kuwa mchezo.

Kesho yake tukafika mkanda wa saba.

Kwenye tawi la mti wa mbele imening'inia sanamu ya mtu, kamba shingoni. Ina ovaroli kuukuu, viatu vya kazi na kichwa cha gunia. Upepo unaizungusha. Watoto wanaisukuma kama bembea, wanacheka. Mama naye akacheka, akasema ovaroli ile alikuwa ameitia viraka mara tatu. Mimi sikucheka.

Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda Duluth, kwenye mnara wa kumbukumbu uliofunguliwa mwaka 2003. Tarehe 15 Juni 1920, umati wa maelfu ya watu wa mji huo ulivamia jela, ukawatoa vijana watatu weusi waliokuwa vibarua wa sarakasi, Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie, ukawanyonga kwenye nguzo ya taa kabla mahakama haijawasikiliza. Mtu mmoja alikuwa na kamera. Picha yake iliuzwa kama postikadi.

Mwaka huo huo, katika jimbo hilo hilo, mji wa Anoka ulifanya gwaride lake la kwanza la Halloween, ili vijana wapate la kufanya badala ya kuzua fujo usiku huo. Matukio hayo mawili hayakusababishana. Lakini mtoto mweupe aliyetazama gwaride aliweza kukua bila kujua habari za ile nguzo. Mtoto mweusi wa Minnesota hakuwa na nafasi hiyo.

Hapo masharti yangu yalinishinda, maana yule baba aliyatimiza yote mawili. Watoto wake walikuwa na pa kukimbilia, na gunia lile lilikuwa gunia mbele ya macho yao. Ila masharti yake yaliishia kwenye uzio wake. Mpita njia ambaye ndugu yake alinyongwa kweli angeona nini? Kwake hakuna kinyago cha kuvuliwa.

Je, mtu anawajibika kwa maana ambayo hakuikusudia? Wapo watakaosema hapana, kipimo ni nia. Wengine watasema ndiyo, kipimo ni aliyeumia. Majibu yote mawili yananitia shaka. La kwanza linampa kila mtu ruhusa ya kutojua, na kutojua kuna raha yake. La pili linamhukumu mtu kwa jambo ambalo halikuwamo moyoni mwake. Ninachoweza kusema ni kwamba kutojua hugeuka hatia siku unapoambiwa ukakataa kusikia. Lakini ili uambiwe, lazima awepo wa kukuambia, na katika mikanda yote 11 sikuona sura nyeusi hata moja.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa mpangaji na mgeni, na yule mama alikuwa mjane aliyekuwa akimcheka mumewe kwa mapenzi. Ila mtu mweusi wa kwanza kuutazama mkanda ule pamoja naye nilikuwa mimi. Nikazima projekta, nikamweleza habari za Duluth.

Alishawahi kuzisikia, akasema, ila hakuwahi kuziweka karibu na mti wao. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hakuna aliyetuambia." Sikujua kama anajitetea au anasikitika.

Asubuhi aliniuliza kama tukikate kipande kile. Nilimwambia tusikikate. Tungewapa wajukuu babu asiye na doa, na babu wa namna hiyo hana la kuwafundisha. Lakini kuwaachia kipande kile bila neno nako kulikuwa namna nyingine ya kunyamaza. Mikanda ile haina sauti, kwa hiyo tuliweka simu mezani tukaurudisha mkanda mwanzo, naye akaanza kuzungumza juu ya picha: ovaroli ile ilikuwa ya nani, nani aliitia viraka, na ni nini kilichotokea Duluth.

Kipande cha mti hakifiki hata dakika moja. Maneno yake yaliendelea baada ya hapo, hadi mkanda ukaisha na ukuta ukabaki mweupe. Sikumkatiza.