Kuonekana Si Kukubali



Je, ni haki kumpiga mtu picha asipojua? Nauliza kwa sababu natembea Nateete na Sony RX1, kamera ya fremu kamili iliyotoka mwaka 2012. Kihisio chake cha mwanga kina ukubwa wa filamu ya milimita 35, lakini yenyewe inaenea kiganjani, na mlio wake humezwa na bodaboda. Kamera kubwa humtangaza aliyeibeba, hii humficha. Mama anayepanga nyanya sokoni hapati nafasi ya kukataa.

Utasema soko ni hadharani. Kweli, lakini kuonekana hupita, picha hubaki. Aliyekubali kuonekana hajakubali kuhifadhiwa. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza kupelelezana.

Wengine huona kwamba ukiomba ruhusa, sura hubadilika na uhalisia hupotea. Ni kweli pia. Lakini uhalisia huo ni wa nani, kama si wake?

Lenzi ya kamera hii haivuti vya mbali. Ukitaka uso, sharti usogee. Basi ukishasogea, toa salamu, uombe. Akikataa, nenda zako. Heshima yake ina uzito kuliko picha yako.